Deni la Msafiri: Maadili ya Kusimulia Nchi ya Watu

Utangulizi

Msafiri anaporudi kwao huwa na mambo mawili ya kueleza: alichokiona na alichotendewa. La kwanza hulisimulia kwa wepesi. Milima, mito, masoko, mavazi na vyakula vya watu hupangwa katika masimulizi yake kimoja baada ya kingine, na hadhira humsikiliza kwa hamu. La pili huwa zito ulimini. Nani alimwonyesha njia? Nani alimpa maji ya kunywa? Nani alimfasiria maneno ya wenyeji, na nani aliubeba mzigo wake? Makala haya yanalishughulikia jambo hili la pili. Swali lake ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi: mtu aliyepita katika nchi ya watu ana deni gani kwao anapoketi kuisimulia safari yake?

Wahakiki wa masimulizi ya safari wamezoea kuuliza kama msafiri amesema kweli. Hulinganisha tarehe zake na tarehe za vitabu vingine, hupima masafa, na hutafuta ramani. Hilo ni swali la haki, lakini halitoshi. Dai la makala haya ni kwamba msafiri aweza kusema kweli tupu kuhusu kila alichokiona, na hata hivyo masimulizi yake yakawa ya uongo, iwapo ameficha kwamba aliona kwa macho ya kuazima na kufika kwa miguu ya wengine.

Suala hili lina uzito wa pekee katika pwani ya kusini ya Kenya. Kombani ni njia panda katika barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Atokaye Mombasa akikunja kulia hupanda vilima hadi mji wa Kwale. Akinyoosha hupita Tiwi na Ukunda, penye njia ya kuingilia Diani, kisha Msambweni, hadi mpaka wa Tanzania. Watalii wanaokwenda Diani kwa barabara hupita hapo, na wachache husimama. Kwa mpitaji, Kombani ni dakika chache za vibanda vya matunda, pikipiki za bodaboda na matatu zinazongoja abiria wa Kwale. Kwa mkazi wake ni mahali pa kuzaa na kuzika. Hivyo mkazi wa njia panda hii amejikuta katika nafasi ambayo fasihi ya safari imewapa watu wengi wa Afrika Mashariki: yeye husimuliwa, na ni nadra kupewa nafasi ya kusimulia. Kutoka katika nafasi hiyo, masimulizi ya wasafiri husomeka kwa namna nyingine. Asomaye akiwa Kombani haulizi kwanza kama mgeni alifurahi au alichoka. Huuliza kama mgeni alijua amepita mlangoni pa nani.

Chakula cha Mogadishu na kimya cha kusini

Ibn Battuta wa Tangier alifika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331. Habari zake hazikuandikwa njiani. Alizisimulia baada ya miaka zaidi ya 20, zikaandikwa na Ibn Juzayy huko Fez, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1355. Kwa mtu aliyetembea dunia kwa miaka mingi kiasi hicho, inashangaza jinsi alivyokumbuka chakula alichokula na aliyempa. Anaeleza kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana walitoka na mashua kukilaki, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa. Kila kijana alimpa chakula mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na biashara yake ilipitia mikononi mwake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanazuoni, alipokewa na kadhi na kupelekwa kwa mtawala. Akaletewa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe.

Msomaji wa haraka huviona vyakula hivi kuwa pambo la simulizi. Vikisomwa kwa makini, ni stakabadhi. Msafiri anakiri kwamba alilishwa, anasema alilishwa nini, na anasema kwa amri ya nani. Hata huko Kilwa, alikofikia baadaye, sifa anazompa Sultani al-Hasan bin Sulaiman zinahusu ukarimu wake. Anasimulia jinsi alivyompa fakiri mmoja wa Kiyemeni nguo alizokuwa amezivaa. Masimulizi yake yana kiburi cha mwanazuoni anayewapima watu kwa kiwango cha dini yao, na hilo halifai kufichwa. Lakini katika hesabu ya deni, mtu huyu aliandika karibu kila alichopewa.

Kati ya Mogadishu na Kilwa alilala usiku mmoja Mombasa. Anataja ndizi na ndimu zake, nafaka iliyoletwa kutoka kwingine, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na desturi ya watu kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Baada ya hapo jahazi likatweka kuelekea Kilwa, likapita mbele ya ufuo ambao leo ni Tiwi, Diani, Gazi na Vanga. Juu ya ufuo huo hakusema neno. Mkazi wa pwani ya kusini angeweza kuona kimya hicho kuwa dharau. Yafaa kuona kinyume chake: hakushuka, hakula kwao, wala hakuwazungumzia. Kimya cha asiyejua ni aina ya heshima. Anayestahili kulaumiwa ni mpitaji wa leo ambaye, baada ya kuwaona watu wa Kombani kupitia kioo cha gari, hurudi kwao na kueleza jinsi "watu wa pwani" walivyo, wanavyofikiri na wanavyokosa.

Neno "baridi"

Mfano wa pili unatoka Rabai. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliondoka huko kwenda nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, pamoja na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Kutokana na neno hilo Rebmann alikata shauri kwamba ile ilikuwa theluji.

Habari hiyo ilipotangazwa Ulaya mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikataa. Alisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo uliendelea mpaka safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipothibitisha kwamba Rebmann aliona sawasawa. Historia ya jiografia hulitaja tukio hili kama ushindi wa shahidi wa macho dhidi ya msomi wa mezani. Hadithi hiyo ina ukweli, lakini imemsahau shahidi mmoja. Weupe ulioonekana kwa mbali ungeweza kuwa mawingu, chokaa au jiwe. Kilichougeuza kuwa maarifa ni neno la mtu aliyeishi katika nchi za karibu na kusikia habari za mlima ule.

Rebmann, kwa sifa yake, hakulificha neno hilo. Shajara yake inamtaja kiongozi na inalinukuu jibu lake kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo msomaji wa leo aweza kuona jinsi maarifa yalivyopatikana: jicho la mgeni, neno la mwenyeji, na hitimisho lililotokana na viwili hivyo. Walioficha ni waliofuata. Vitabu vingi vya shule vimesema kwa miaka mingi kwamba Rebmann ndiye "aliyeuvumbua" mlima huo, kana kwamba Wachaga waliokuwa wakilima migomba chini yake walikuwa hawajawahi kuinua macho. Hapa deni lilikiriwa na mkopaji mwenyewe, likafutwa na warithi wake. Kwa hiyo deni la msafiri si lake peke yake; linawahusu pia wanaoyanakili, kuyafupisha na kuyafundisha masimulizi yake.

Mtumishi anaposhika kalamu

Mambo hubadilika pale anayebeba mzigo anapokuwa ndiye msimulizi. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya nathari yaliyotolewa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao ni Selim bin Abakari, Mgazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani aitwaye Bumiller, na aliyefuatana naye mwaka 1896 katika safari ya Urusi na Siberia.

Katika nathari ya Kiswahili ya wakati huo simulizi hili ni la pekee, kwa kuwa linageuza upande wa jicho. Mtu wa Bahari ya Hindi anaitazama nchi ya baridi, anaeleza miji yake, vyombo vyake vya usafiri, watu wake na dini zao, na huku yeye mwenyewe ni kioja kwa wanaomtazama. Lakini tofauti yake kubwa na masimulizi ya mabwana wa wakati huo haiko katika rangi ya anayetazama. Iko katika nafasi yake kazini. Bwana aweza kuandika kwamba "tulifika jioni, tukala, tukalala." Mtumishi anajua kwamba kati ya kufika na kula kuna kuni, maji, sufuria na mtu aliyechelewa kulala. Hawezi kusahau kazi kwa kuwa kazi ni yake. Anayesafiri kwa amri ya mwingine hawezi kudai kwamba alifika kwa nguvu zake, na kutoweza kudai hivyo kunayapa maneno yake unyofu ambao wasafiri huru huupata kwa shida.

Hata hivyo, si haki kumfanya Selim mtakatifu. Aliandika kwa ombi la mwalimu wa Kijerumani, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanafunzi waliotayarishwa kwenda kuitawala nchi ya pwani. Alijua nani atasoma. Mhakiki hana budi kuuliza ni mangapi aliyameza.

Mwenzake katika kitabu hicho, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, anatupa mfano mchungu zaidi. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, inatokana naye. Jina lililobebwa na kitabu lilikuwa la Velten. Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurudi Afrika Mashariki pamoja na mke wake Mjerumani. Wakuu wa koloni hawakumruhusu mke huyo kushuka Dar es Salaam, na wote wawili wakarejea Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyekuwa ameandika safari zake za Udoe na Uzigua akageuka kuwa msafiri asiye na marejeo. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa Mtoro, ngama ilifungwa.

Deni la kitabu kile lilianza kulipwa mwaka 1981, pale tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na J. W. T. Allen ilipoliweka jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari katika anwani yake. Miaka 78 ilikuwa imepita tangu chapa ya kwanza, na 54 tangu kifo chake. Malipo ya namna hii hayamfikii anayedai. Lakini huwafikia wasomaji, kwa kuwa hubadilisha wanachokisoma: maneno yaliyoonekana kuwa ukusanyaji wa mtafiti yanakuwa maarifa ya mwandishi mwenye jina, mji na maisha.

Mgeni wa pwani katika nchi za bara

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuligawa jambo kwa rangi, Wazungu wakopaji na Waafrika wadai. Maandishi yenyewe hayaruhusu. Waandishi wa Safari za Wasuaheli, wanapoingia bara, huwaita watu wa huko "washenzi" bila kusita. Nao pia walikuwa katika nchi ya watu. Walikunywa maji ya visima vya watu, walilala katika vijiji vya watu, na walitegemea ruhusa ya watawala waliowatoza hongo ili wapite. Neno "washenzi" lilifanya kazi ya kuifuta hesabu hiyo: asiye muungwana hawezi kumdai muungwana.

Maisha ya Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni hati nyingine ya aina hii. Yaliandikwa na mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ni nathari yenye nguvu, yenye kumbukumbu ya ajabu ya bei, mapigano na mapatano. Pembe za ndovu zinahesabiwa kwa frasila. Waliozibeba mabegani kutoka Manyema hadi pwani, wengine kwa ujira na wengine kwa minyororo, hawahesabiwi kwa uangalifu huo. Msomaji wa pwani anayelalamika kwamba mtalii hakumwona anapaswa kukisoma kitabu hiki polepole. Huko ndiko babu zake walikokuwa wapitaji.

Kwa hiyo deni la msafiri halitokani na asili yake. Linatokana na hali ya kupita. Yeyote anayepita kwa nguvu ya fedha, bunduki, cheo au pasipoti yumo katika hatari ileile: kudhani kwamba njia ilikuwa wazi kwa sababu yeye alikuwa na haki ya kupita, wakati ilikuwa wazi kwa sababu kuna waliomfungulia.

Deni la wanaosikiliza

Fasihi ya Kiswahili imelitazama jambo hili kutoka upande mwingine pia. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Kila mmoja alivumilia mashaka ya njia, akarudi na mawazo yenye manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja akatupwa gerezani. Kusadikika iliwapeleka wajumbe wake kuona, ikawaadhibu kwa sababu waliona.

Hapa wanaodaiwa ni waliobaki nyumbani. Msafiri ana deni kwa waliompokea. Hadhira ina deni kwa msafiri anayeleta habari isiyopendeza. Cooley aliyemkataa Rebmann na baraza lililowafunga wajumbe wamefanya kosa moja: kila mmoja alitaka safari ithibitishe alichokwisha kuamini. Hadhira kama hiyo humfundisha msafiri kusema uongo. Akijua kwamba nyumbani wanangoja kusikia habari za watu wa ajabu, atawatafuta watu wa ajabu, na asipowaona atawatengeneza. Mtalii ambaye rafiki zake wanataka kuona simba na ufuo mweupe ataipita Kombani bila kuitaja, kwa kuwa soko la mboga linafanana mno na soko la mboga la kwao. Lakini pengine kufanana huko ndiyo habari kubwa kuliko zote alizoweza kurudi nazo.

Pingamizi tatu

Dai hili linaweza kupingwa kwa njia tatu. Ya kwanza imo katika msemo wa wahenga: msafiri kafiri. Msemo huu hutumiwa kumsamehe aliye njiani. Hana kwake, hana chake, na mambo yanayomfunga mkazi hayamfungi yeye. Akila asichokila nyumbani, akilala asipolala, asilaumiwe. Msamaha huo ni wa haki, lakini una mwisho. Unahusu siku za njiani, si siku za kusimulia. Anayeketi kusimulia amekwisha kufika, ana kiti, ana wasikilizaji. Ule udhuru wa taabu umekwisha. Kuna msemo mwingine unaofaa zaidi hapo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni anayeondoka kabla ya siku ya tatu hajawahi kushika jembe la mwenyeji wake. Kilichobaki mkononi mwake cha kuwatumikia waliompokea ni masimulizi, na kazi ya jembe hilo hupimwa kwa uaminifu.

Pingamizi la pili ni la kisasa, na linasikika sana katika nchi inayoishi kwa utalii: mgeni amelipa. Amelipia chumba, dereva, kiongozi na chakula. Mkataba umekwisha na hakuna anayemdai mwenzake. Hoja hii si ya kupuuza. Ujira unaolipwa kwa haki ni heshima, na kiongozi wa watalii wa Diani angependelea kulipwa vizuri kuliko kutajwa bure. Lakini ujira hulipa kazi, haulipi maarifa yanayoendelea kumzalishia mgeni baada ya safari kwisha. Mpagazi wa karne ya kumi na tisa alilipwa nguo na posho. Msafiri aliyemwajiri alipata vitabu, nishani na jina. Abdullah Susi na James Chuma waliusafirisha mwili wa David Livingstone kutoka mahali alipofia mwaka 1873 hadi pwani, na mwaka 1874 walikwenda Uingereza kumsaidia Horace Waller kuyatayarisha maandishi ya mwisho ya bwana wao yachapishwe. Kwenye jalada jina ni la Livingstone. Hakuna mshahara wa mwezi unaofuta deni la namna hiyo, kwa kuwa si deni la jasho pekee. Ni deni la kuwa mmoja wa waandishi.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Kutaja kunaweza kudhuru. Mwenyeji aliyempa mgeni siri ya ukoo, aliyemficha wakati wa hatari, au aliyemkaribisha katika umaskini wake, huenda hapendi jina lake litembee duniani. Kwake sitara ni bora kuliko shukrani. Hapa inafaa kutofautisha kukiri deni na kumwanika mdai. Msafiri aweza kusema kwamba alionyeshwa njia na mwanamke mchuuzi bila kumtaja jina wala kuieleza nyumba yake. Kinachodaiwa ni kwamba ukweli wa kutegemea usifichwe. Namna ya kuufichua yapasa kuamuliwa na anayedai, na pale isipowezekana kumwuliza, busara imwelekeze msimulizi kwenye sitara.

Masharti ya mwenyeji

Wenyeji wa pwani ya kusini hawakungoja wahakiki wawafundishe jambo hili. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mmoja kati ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni anakaribishwa humo kwa masharti. Hujifunga nguo nyeusi kiunoni, hufuatana na kiongozi wa Kidigo, na haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani au jiwe. Kwa macho ya haraka, haya ni masharti ya uhifadhi. Kwa undani wake, ni nadharia kamili ya safari. Nguo nyeusi humkumbusha mgeni kwamba ameingia kwa ruhusa. Kiongozi humkumbusha kwamba haoni peke yake. Katazo la kuchukua humfundisha kwamba anaondoka na neno tu, nalo ni neno alilopewa.

Masharti haya yanauliza pia swali la nchi ya kigeni ni ipi. Mdigo anayetoka Kombani akaingia Tanzania kwa Lunga Lunga na Horohoro huonyesha hati zake, hugongewa mhuri, na kwa sheria huwa yuko ugenini. Akifika upande wa Tanga huamkiwa kwa Kidigo. Mpaka ule unatokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kutoka pwani karibu na mto Umba kuelekea Kilimanjaro bila kuwauliza waliolala juu yake. Mtu huyo ni mgeni kwa karatasi na mwenyeji kwa salamu. Kinyume chake, mtu aweza kuwa raia kwa karatasi na akapita Kombani kila juma bila kupafahamu. Ugeni, basi, haupimwi kwa mhuri. Hupimwa kwa kiasi ambacho mtu anahitaji kuonyeshwa, na kwa hiyo kwa kiasi anachodaiwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ukweli wa masimulizi ya safari una sehemu mbili: kueleza sawasawa kilichoonekana, na kukiri ni kwa msaada wa nani kilionekana. Ibn Battuta aliyekumbuka ndizi za Mogadishu, Rebmann aliyelinukuu neno "baridi", na Selim ambaye kazi yake haikumruhusu kusahau kazi, wote walifanya sehemu ya pili, kila mmoja kwa kiasi chake na kwa mapungufu yake. Tippu Tip hakuifanya kwa wapagazi wake, na warithi wa Rebmann waliifuta ile aliyoifanya yeye.

Limebaki tatizo ambalo uhakiki hauna dawa yake. Wengi wa waliobeba, kupika, kufasiri na kuonyesha njia hawakuandikwa popote, na majina yao hayatapatikana katika kumbukumbu yoyote. Kuwabunia majina ni kuongeza uongo juu ya dhuluma. Kunyamaza kana kwamba hawakuwapo ni kuiendeleza dhuluma ileile. Lililo katika uwezo wa mhakiki na mwalimu ni kuonyesha pengo lilipo: kila sentensi inaposema "tulivuka mto," kuuliza ni nani hao waliovuka, na mzigo ulivukaje. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo atasoma vitabu vya safari kwa namna nyingine, na siku atakaposafiri mwenyewe atakuwa na la kuandika zaidi ya mandhari.